Hyperfine: kidude cha bure kilichoniumbua

Wakuu, leo nawaletea mrejesho wa kidude kinaitwa hyperfine. Nimekitumia kama miezi minne hivi kwenye teminali ya Ubuntu na kwa kweli kimeniumbua. Kama unaandika programu na una ile tabia ya kusema "sa hivi inakimbia balaa" huku huna namba yoyote mkononi, kaa hapa kidogo.

Kazi yake ni moja tu. Unakipa amri, kinaiendesha mara nyingi (usipokiambia kitu ni angalau mara 10), afu kinakuletea wastani wa muda iliotumia na pembeni yake kinaweka ile ± ya kuonyesha majibu yalikuwa yanayumba kiasi gani, pamoja na muda mfupi kabisa na mrefu kabisa. Ukikipa amri mbili kinakwambia ipi imemshinda mwenzie na kwa mara ngapi. Kimeandikwa kwa Rust, aliyekianzisha ni David Peter, ni bure, unakivuta kwa apt install hyperfine na bando halihisi hata.

Sasa kisa. Nina skripti ya Python inatengeneza ripoti ya mwisho wa mwezi ya saccos moja, inasoma faili la miamala kama laki nne na kila mstari una tarehe mbili. Ilikuwa inachukua sekunde 9 na ushee, na mimi nikawa napima kienyeji, yaani naandika time (amri ya teminali ya kupima muda), naangalia, nabadilisha kodi (ya programu, sio ya mwenye nyumba), naandika time tena, ikishuka nashangilia. Siku moja nikabadilisha kitu nikaona imepanda hadi 13, nikakifuta kwa hasira. Kesho yake nikabadilisha kitu kingine kisicho na maana yoyote, ikarudi 9, nikajiona fundi. Kumbe ile siku ya kwanza umeme ulikuwa umekatika na laptopu iko kwenye betri, prosesa imejipunguzia mwendo ili chaji isiishe! Nilichokuwa napima ni umeme wa mtaani kwetu, programu haikuwa na kosa lolote.

Hyperfine haikuzuii kufanya ujinga huo, tuelewane, ila inakuonyesha. Nilichukua lile badiliko nililokuwa najivunia, siku mbili nzima nabadilisha mizunguko ya for ili iwe "ya kisasa", nikalipambanisha na toleo la zamani. Majibu: la zamani sekunde 9.08 ± 0.21, langu 9.02 ± 0.24. Kwa chini kikaandika langu lina kasi mara 1.01 ± 0.04. Yaani hamna kitu. Siku mbili! Nililiacha hapo hapo nikarudisha kodi ya zamani, angalau ile inasomeka.

Hapo ndo nikaanza kufuata utaratibu ambao mwanzo niliuona wa kizee. Chaja imechomekwa, brauza imefungwa, napima toleo la sasa kwanza na naandika kwenye daftari kabla sijagusa chochote, afu nagusa kitu KIMOJA, napima tena, kama tofauti imemezwa na ile ± naitupa hata kama naipenda. Na kabla ya kugusa namuuliza profaila muda unaishia wapi, kwa sababu hyperfine hakijui hilo kabisa, kinakwambia safari imechukua muda gani ila foleni ilikuwa wapi hakikwambii. Nilitumia py-spy, ikanionyesha kwamba zaidi ya nusu ya muda unaliwa na strptime, ile kazi ya kugeuza maandishi kuwa tarehe. Ile mizunguko ya for niliyopigana nayo haikuonekana hata kwa tochi. Mwezi mmoja hauzidi siku 31 na mimi nilikuwa nazitafsiri tarehe zile zile mara laki nane! Nikaweka kamusi ndogo ya kukumbuka tarehe iliyokwisha tafsiriwa, mistari minne tu, ikashuka hadi 4.21 ± 0.06. Hiyo sasa haihitaji mtu wa kukutafsiria.

Kuna mtego ulinipata katikati nauweka hapa na wewe usiingie. Skripti yangu ikikuta ripoti ipo tayari inairuka, kwa hiyo raundi ya kwanza ilikuwa ndefu na zilizobaki zikapita kama upepo, na kidude chenyewe ndo kikanistua kwamba raundi ya kwanza imechelewa sana kuliko zilizobaki. Dawa ni --prepare, unaweka humo amri ya kufuta ripoti na inaendeshwa kabla ya kila raundi. Na --warmup 3 inapiga raundi za kupasha moto zisizohesabiwa, maana mara ya kwanza faili linatoka kwenye diski, baadaye linatoka kwenye memori. Na siku zote nalinganisha ripoti mpya na ya zamani kwa diff, programu inayotoa jibu baya kwa haraka saccos hawaitaki.

Malalamiko ninayo. Kwanza muda, raundi 10 za sekunde 9 kwa kila toleo unaweza kwenda kununua vocha ukarudi, ingawa --runs 5 inasaidia. Pili, kinatupa matokeo ya programu yako kwenye /dev/null (shimo la Linux linalomeza kila kitu) bila kukwambia, na kuna programu zinagundua hilo zikabadili tabia, mfano grep ya GNU, ile ya kutafuta maneno kwenye faili, ikiona hivyo inaacha kutafuta ikipata mstari wa kwanza, kwa hiyo utapima grep na kuona miujiza ambayo haipo. Weka --output=pipe. Tatu, ukipima vitu vya chini ya milisekunde 5 kinaanza kulalamika na kina haki, hapo tumia -N kisipitie sheli (ile programu inayopokea amri kwenye teminali, sio ya mafuta), au kama ni kipande kidogo ndani ya Python achana nacho, tumia timeit.

Na usikiendeshe kwenye seva ya kuchangia na watu ukategemea namba zitulie, jirani akianza kazi yake ± yako inavimba.

Nakipa nyota 4. Ya tano nitaitoa siku kitakapogundua umeme umekatika katikati ya kupima kikasimama chenyewe.