Tathmini ya huduma ya Zipline ya kusafirisha damu nchini Rwanda

Tangu mwaka 2016, kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani kutoka kituo cha Muhanga. Hospitali huagiza kwa simu au mtandao, kisha ndege hufyatuliwa, huvuka milima na kudondosha boksi kwa parachuti bila kutua. Hata hivyo, kwangu mimi ubora wa huduma hii umo hasa ghalani: damu ikitunzwa mahali pamoja hadi ihitajike, haipitwi na muda kwenye jokofu la hospitali moja ilhali mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaikosa hospitali jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa upotevu wa damu kwa kupitwa na muda ulipungua kwa asilimia 67. Ndege hizo hubeba mzigo mdogo, kwa hiyo katoni za dripu bado zinahitaji gari.