Njia za miguu Jozani na Pete: nenda, ila tazama maji kwanza

Kwa mpenda kutembea, msitu wa hifadhi wa Jozani ndiyo matembezi ya kuanzia Unguja. Iko kama kilomita 35 kutoka mjini, na daladala za kwenda Paje na Jambiani hupita mlangoni.

Mzunguko wa msituni ni tambarare na hauzidi saa moja. Wakati wa masika udongo hushika maji na njia kugeuka tope, kwa hiyo vaa viatu vya kufunga, si kandambili. Nenda asubuhi, maana jua likikaza kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, hupumzika majanini na haionekani ila mikia. Mkono wake hauna gumba la maana: hushika tawi kwa vidole vinne. Usimlishe, usimsogelee.

Uzuri wenyewe, kwa maoni yetu, uko Pete, kijiji jirani, kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Wengi hukosea hapa kwa kwenda bila kuuliza maji. Yakiwa yamekupwa utaona mizizi ya mkoko iliyojipinda kama matao, ile ya mchu, aina nyingine ya mikoko, ikichomoza topeni mfano wa penseli, na kaa wakikimbilia mashimoni. Yakijaa, hasa siku za bamvua, yaani maji makubwa, mizizi yote huzama, lakini vidagaa huingia kujificha humo. Tungechagua kupwa. Mvua ikinyesha mbao huteleza sana. Mshike mtoto mkono. Beba maji ya kunywa na dawa ya mbu.