Thunderbird: imeili zikae kwenye seva au kwenye mashine yako?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo niko na Thunderbird, ile programu ya imeili ya bure ya Mozilla, na sura yake sitaisema sana maana haijawahi kuwa mrembo. Nataka lile swali inalokuuliza ukiwa unaweka akaunti: IMAP au POP3? Wengi hapo tunabonyeza tu twende.

Iko hivi. POP3 inachota imeili kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayokutunzia imeili, inazileta kwenye mashine yako, na kama hujatiki hiki kiboksi hapa, cha kuacha nakala kule, basi kule zinafutwa. IMAP zinabaki seva, simu na laptopu zinaangalia kitu kimoja, ukisoma huku na kule inaonekana imesomwa.

Mimi nilikuwa timu POP3 kabisa, enzi za bando la kuungaunga, unachota asubuhi, unazima data, unasoma taratibu. Siku moja hadidiski ikafa. Fundi akaigonga, akaiweka sikioni kama simu, akanirudishia. Invoisi, LPO, makubaliano ya miaka mitatu, kwishnei. Nikaanza kupigia wateja, "bosi samahani, naomba unifowadie ile ya mwezi wa sita", aibu tupu.

Kwa hiyo IMAP? Ndiyo, ila IMAP siyo bakap jamani! Dogo wa dukani akifuta kwenye simu, huku laptopu nayo inaondoka. Halafu nafasi. Gmail ya bure ni GB 15, na humo humo ziko Drive na picha zako za Photos, ikijaa imeili hazikufikii tena, mteja anadhani umemchunia.

Ninavyofanya mimi, akaunti IMAP, poti 993 (mlango wa IMAP wenye usalama), kila Januari zile za mwaka uliopita nazipeleka kwenye folda za ndani ya kompyuta, hizi chini kushoto, mnaziona? Raiti kliki, kopi. Siyo kuhamisha, maana ukihamisha seva inabaki bila. Nafungua mbili tatu zenye viambatanisho, zikifunguka ndiyo nafuta kule, halafu nafunga Thunderbird, folda nzima ya profaili, pale Thunderbird inapotunza imeili na setingi zako, naikopi kwenye diski ya nje, eksteno. Eksteno inalala nyumbani, siyo dukani, wezi wanabeba vyote.

Mwenye mashine moja na nafasi ndogo ya imeili kwenye seva, POP3 bado inakufaa, wewe tiki tu kile kiboksi cha kuacha nakala, zikae kule hata siku 14.

Kinachonikera kwenye Thunderbird ni hiki: unafuta meseji kibao, faili la folda uzito uleule, kumbe bado zimo mpaka uikompakti, yaani uibane izitoe kabisa zile ulizofuta. Hii ya kwangu GB 4 na ushee. Raiti kliki, kompakti... subiri, laptopu ya mtumba hii... haya, GB 1 na kitu.