Meza Moja, Watu Sita: Mgahawa wa Kariakoo Saa Saba Mchana

Katika mgahawa huu mdogo ulio karibu na soko la Kariakoo, ambamo nimekula pilau mara tatu mwezi huu, hakuna meza ya mtu mmoja; kuna mabenchi marefu, na anayeingia saa saba mchana hukaa palipobaki nafasi, kiwiko chake kikigusana na cha mtu asiyemjua. Mwanaanthropolojia Edward Hall alieleza katika miaka ya 1960 kwamba Wamarekani aliowachunguza waliacha takribani sentimita 45 hadi 120 baina yao na rafiki au jamaa. Hapa sentimita 10 ni anasa.

Hata hivyo ubanano huo hauniudhi, kwa sababu una adabu zake. Mgeni huuliza kwanza, "Hapa pana mtu?", humwamkia shikamoo mzee aliyemkuta, na aliyekwisha kuletewa sahani humwambia "Karibu", akijua fika kwamba atajibiwa "Starehe" na chakula chake hakitaguswa.

Kinachonishinda ni simu za spika. Juzi jirani yangu aligombana na mpangaji wake hadi benchi zima likaijua kodi ya nyumba, na wahudumu, ambao wangeweza kumsihi kwa upole, walicheka tu.

Pilau imeiva vizuri, kachumbari haijalala, na sabuni ya kunawia haikosekani. Anayetaka faragha afike kabla ya saa sita, au afungiwe chakula aondoke nacho.