Triumph ya zamani: pointi ama elektroniki?

Kama uko na pikipiki ya Triumph Bonneville ya miaka ya 60 hapa Kisumu na unajiuliza cheche ya plagi iendeshwe na pointi (vile vibamba vya chuma vinavyofunguka na kufunga kukata umeme) ama boksi ya elektroniki, mimi nakwambia baki na pointi kwanza, juu zikichomeka unazipiga msasa laini, unarudisha gepu na fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) 0.38 mm unaendelea na safari, na fundi yeyote mzee wa jua kali anazielewa. Pointi na kondensa (kile kikopo kidogo kinachokinga pointi zisiungue) unaagiza Uingereza lakini ni vitu vidogo, beba za spea mfukoni. Elektroniki kama ile ya kampuni ya Boyer Bransden ni tamu kweli, taimingi (wakati wa cheche kuruka) haihamihami, asubuhi inawaka haraka, ila betri ikishuka volti injini inaanza kukohoa na boksi ikiungua pale Ahero huna la kufanya. CDI (boksi za elektroniki za cheche) za boda zimejaa madukani, bei nafuu, lakini usijaribu, zinategemea pulsa (mapigo ya umeme) ya magneto yao, yaani jenereta iliyo kwenye injini ya boda. Ukiamua elektroniki, anza na betri mpya na nyaya safi.