Mapitio: Ziara ya Mtandaoni ya Mount Vernon, Nyumba ya George Washington

Nyumba ya George Washington iliyoko Mount Vernon, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ina ziara ya mtandaoni isiyo na kiingilio, inayomwezesha mtu aliyeketi Nyamagana au Ilemela, mkoani Mwanza, kupita chumba kwa chumba, kugeuza picha pande zote na kubonyeza alama zinazofungua maelezo. Nimeipitia kwa makini kwa kuwa utunzaji wa majengo ya kale ni jambo linalonigusa sana, na naipendekeza bila kusita kwa walimu wa historia na mafundi wa Kanda ya Ziwa, mradi wasiishie kwenye vyumba vya mwenye nyumba.

Uanze nje, ukutani. Mtu wa Mwanza, aliyekulia katikati ya miamba, atauona ukuta ule na kuamini kwamba ni wa mawe, kumbe ni mbao za msonobari zilizochongwa kingo kwa mshazari ili zifanane na mawe yaliyopangwa, kisha zikapakwa rangi na kurushiwa mchanga rangi ikiwa bado mbichi. Ndani, kwenye ukumbi wa kati, mbao za kawaida zimepakwa rangi kwa ustadi hadi zikafanana na mkangazi, na hapo hapo umetundikwa ufunguo wa gereza la Bastille, zawadi ya jenerali Mfaransa Lafayette kwa Washington. Kinachonivutia ni kwamba watunzaji hawakuweka mawe halisi wala mkangazi halisi, ingawa kufanya hivyo kungeonekana kuwa ni kuiboresha nyumba. Wameilinda kazi ya fundi wa kwanza kama alivyoiacha.

Historia ya uokoaji wake inatuhusu hata zaidi. Mwaka 1853 nyumba ilikuwa imechakaa kiasi kwamba baraza linaloutazama mto Potomac lilikuwa limeegemezwa kwa milingoti ya meli. Ann Pamela Cunningham alianzisha chama cha wanawake, wakachangisha fedha, na mwaka 1858 wakakubaliana kuinunua kwa dola 200,000, baada ya serikali ya shirikisho na ya jimbo kutoichukua. Hadhi ya alama ya kihistoria ya taifa ilitolewa mwaka 1960, yaani zaidi ya miaka 100 baadaye, na chama kile kile ndicho kinachoimiliki hadi leo. Sisi tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na pale Bujora, Kisesa, tuna makumbusho ya Wasukuma. Lakini kwa nyumba za enzi za Wajerumani zilizobaki mjini tumezoea kungoja tangazo la serikali, ilhali bati linavuja na mchwa wanaendelea na kazi yao.

Sehemu nzito kuliko zote ni makazi ya watumwa. Mwaka 1799, Washington alipofariki, watumwa 317 waliishi kwenye shamba lile, na wosia wake wa kuwaacha huru uliwahusu wale aliowamiliki yeye mwenyewe tu, ambao hawakufika nusu. Vitanda vyao vya mbao, vilivyopandana ukutani, havifanani hata kidogo na ukumbi mkubwa wa wageni wenye dari refu. Mwalimu awaambie wanafunzi kwamba jengo hilo si la asili: la kwanza liliungua mwaka 1835, na hili lilijengwa upya mwaka 1951.

Maelezo niliyoyasoma yako kwa Kiingereza, hivyo ni vyema kuyaandalia muhtasari wa Kiswahili mapema. Picha ni nzito na hula kifurushi haraka. Kompyuta inafaa kuliko simu, hasa kwa kutazama maungio ya mbao. Darasani ningeanzia kwenye makazi ya watumwa, kisha ndipo niingie nyumba kubwa, ili mwanafunzi anapofika kwenye ukumbi wa wageni awe tayari anajua ni nani waliousafisha.