Alaimenti ya Roadster yangu: gereji ya Sinza isiyo na jina

Kama una gari dogo la chini, la kusukumwa na matairi ya nyuma, na ukiuachia usukani linakimbilia kushoto, kuna gereji moja Sinza, barabara za ndani upande wa Shekilango. Getini wameandika "alaimenti na balansi" (kupanga pembe za matairi na kusawazisha uzito wake) kwa rangi nyekundu, basi. Jina hakuna. Nimepeleka Mazda yangu pale ikatoka imenyooka, na naandika kwa kirefu kidogo kwa sababu kinachoitofautisha gereji hii na nyingine za Dar si mashine. Mashine siku hizi kila mtu anayo.

Gari ni Mazda Roadster ya 2002, umbo la NB, injini ya 1.8, gia za mkono. Ni la viti viwili na paa la turubai, na nikisimama kwenye foleni ya Mwenge mlango wa daladala uko juu ya kichwa changu. Kabla ya kuja huku lilikaa Japani sehemu za theluji, ukilala chini yake utaona kutu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. Sasa linalala Mbezi Beach, ambako chumvi inakuja yenyewe kutoka baharini. Hili la kutu lishikeni, lina kazi yake mbele.

Tatizo lilianza baada ya shimo moja kubwa lililojificha chini ya maji ya mvua. Gurudumu la mbele kushoto liliingia lote. Rimu haikupinda, tairi halikupasuka, ila tangu siku hiyo ukipita Bunju kuelekea Bagamoyo kwenye spidi 80, ukilegeza vidole tu, pua inakwenda kushoto. Mtu anayeendesha Noah angeweza kuishi nalo. Kwenye gari ambalo ulilinunua kwa ajili ya usukani wake, haiwezekani. Jioni bega la kulia linauma kwa kulishikilia.

Gereji niliyoanzia ni ya kisasa, ina kiyoyozi na kahawa ya bure. Kijana alipandisha gari, akafunga vifaa kwenye rimu, akachagua Mazda kwenye orodha ya kompyuta bila kuniuliza Mazda gani, akalegeza tairodi mbili za mbele (fimbo zinazogeuza matairi), akazungusha mpaka namba zikawa za kijani. Karatasi hii hapa dada, asante, karibu tena. Gari likaendelea kuvuta kushoto, na safari hii usukani wenyewe ukawa umekaa upande. Nikarudi. Walinipokea kwa adabu, wakaondoka na gari, wakalirudisha usukani umenyooka kama rula. Kuvuta kukabaki palepale.

Rafiki yangu mmoja mwenye Altezza ndiye aliyenielekeza Sinza kwa mtu wanayemwita Mjomba. Ni mzee wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, haongei sana. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza habari za mashine na karatasi, akaniinulia kiganja.

"Dada, linavuta muda wote au ukikanyaga breki?"

Muda wote.

"Na ukiondoa mguu kwenye mafuta?"

Vilevile.

"Haya. Usilipandishe bado."

Akaanza na upepo. Tairi la mbele kushoto psi 24, kulia 35. Vijana wa vituo vya mafuta hapa mjini wanajaza 35 kila kitu, iwe Vitz iwe Hiace, na mimi huwa nashuka nikiwa nimechelewa. Kibandiko cha mlangoni kwenye Roadster kinasema kilopaskali 180, karibu psi 26, kwa sababu gari ni jepesi, halifiki hata kilo 1,100. Akasawazisha yote manne. Kisha akachuchumaa akapitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu ndani kwenda nje. Akanishika mkono nifanye na mimi. Ukienda upande mmoja mpira ni laini, ukirudi kila kipande kinakukwaruza kwa ukingo wake. Hiyo, akasema, ni tou mbaya, yaani matairi hayaangalii mbele sawasawa: yanasukumwa ubavu kidogo kila mzunguko. Lakini tou peke yake hailivuti gari hivi. Inakula tairi na kuukalisha usukani upande. Kinacholivuta tukitafute kwingine.

Akabadilisha matairi ya mbele, la kushoto akalipeleka kulia na la kulia kushoto (yangu ni 195/50 R15 yasiyo na mshale wa mwelekeo, kwa hiyo inawezekana), tukatoka kulijaribu. Nilidhani tutakwenda Daraja la Tanzanite, kwa kuwa pale lami imenyooka. Akakataa: pale upepo wa baharini unakusukuma ubavuni, utalaumu gari bure. Tukaenda kwenye eneo la wazi la kuegesha malori, lenye lami, na hapo akafanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Aliendesha juu ya mstari mmoja kwenda, akageuza, akarudi juu ya mstari uleule. Kama ni mteremko wa lami au upepo, gari litakwenda kushoto ukienda na kulia ukirudi. Letu lilikwenda kushoto mara zote mbili, ila kwa nguvu ndogo kuliko kabla ya kubadilisha matairi. Kwa hiyo tairi lilikuwa na sehemu yake ya lawama, lakini mshitakiwa mkuu bado yuko chini ya gari.

Tuliposimama aligusa katikati ya rimu za mbele kwa nyuma ya vidole. Joto sawa. Breki haijashika.

Ndipo likapanda. Hapa niseme wazi kwa wenye magari ya chini: njia yao ya kupandia ni ya mwinuko, bampa la mbele la Roadster halipiti. Vijana waliweka mbao ndefu mbili chini ya matairi bila kuambiwa, inaonekana wameshazoea. Mjomba akatikisa kila gurudumu juu-chini na kulia-kushoto akisikiliza boljointi na beringi. Nzima. Akazungusha usukani mpaka mwisho wa kulia akihesabu, kisha mpaka mwisho wa kushoto. Hazikulingana. Akaingia chini na tochi, akatoka akicheka peke yake: nyuzi za tairodi ya kushoto zilikuwa zimetokeza nje kuliko za kulia, na usukani ulikuwa umechomolewa kwenye meno yake ukarudishwa umesogezwa. Yaani wale wa kahawa ya bure walinyoosha usukani ili mimi nione umenyooka, raki (chuma cha meno kinachosukuma tairodi) ikabaki imekaa upande. Aliondoa waya wa betri, akasubiri kwanza kwa sababu ya eabegi, ndipo akaurudisha mahali pake. Mengine yote yakaanzia hapo.

Sasa mashine. Ni ya kamera, si mpya, skrini ina ufa pembeni. Lakini tazameni alivyoitumia. Kwanza aliniuliza uzito wangu, mbele ya vijana, nikamtajia. Akaleta mfuko wa saruji wa kilo 50 akauweka kwenye kiti cha dereva juu ya gunia, na debe la maji la lita 10 miguuni. Kwenye gari jepesi hivi dereva anabadilisha mkao wa upande wake. Akalisukuma gari mbele na nyuma ili mashine isome kupinda kwa rimu. Kisha akageuza usukani kulia na kushoto huku matairi ya mbele yamekaa kwenye sahani zinazozunguka, maana kasta (mlalo wa mbele-nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia) haipatikani bila kugeuza matairi. Ukiona fundi amekupa namba za kasta bila kugeuza usukani, namba hizo hazikupimwa kwenye gari lako.

Zikatoka. Mbele kushoto, kemba (gurudumu kulala ndani au nje kwa juu; hasi ni ndani) digrii hasi 0.2, kulia hasi 1.1. Kasta kushoto 4.4, kulia 5.3. Gari huvutia upande ambao gurudumu limesimama wima zaidi, na huvutia upande wenye kasta ndogo. Langu vyote viwili vilikuwa kushoto. Lile shimo lilikuwa limeusukuma mkono wa chini (chuma kinachoshika gurudumu kwa chini) kwa nyuma na gurudumu likafuata. Nyuma nako hakukuwa salama, tou ya kulia ilikuwa nje, na matairi ya nyuma yakiangalia pembeni usukani hauwezi kukaa katikati hata mbele pawe safi. Kwenye ile karatasi ya mwanzo sehemu ya nyuma ilikuwa nyekundu na hakuna aliyeisemea.

Siwalaumu sana vijana wa gereji nyingi. Wanashinda na Vitz na IST, ambazo nyuma hazina cha kurekebisha na mbele ni tairodi tu, mkono umezoea hivyo. Roadster ni habari nyingine. Kila gurudumu limeshikwa na mkono wa juu na wa chini, na bolti zinazoshika mkono wa chini kwenye fremu zina kisahani ambacho tundu lake haliko katikati. Ukiizungusha bolti, mkono unasogea. Mbele kila upande una bolti mbili za namna hiyo, na ukigusa moja, kemba na kasta zinacheza pamoja, kwa hiyo fundi anakwenda nyuma na mbele kati ya hizo mbili kwa subira. Nyuma napo zipo. Gari zima linarekebishika, ukimpata mtu anayejua na kama bolti zinakubali kuzunguka.

Zangu hazikukubali. Kutu ya Hokkaido au ya Mbezi, sijali ni ya wapi, ilikuwa imeigandisha bolti ya nyuma ya mkono wa kushoto ndani ya bomba la bushi (kiungo cha mpira cha mkono huo). Kijana mmoja akaja na gesi, Mjomba akamfukuza: moto utachoma mpira wa bushi. Walichora alama ya chaki kwenye visahani vyote kabla ya kulegeza chochote, wakapuliza mafuta ya kulainisha, wakaliacha gari lilale. Asubuhi yake bolti tatu zilitoka. Ile iliyoganda ilikatwa kwa grainda, na bolti nyingine ikatafutwa kwenye spea za mtumba Ilala. Zote zikarudi zimepakwa grisi. Na kitu kimoja nilichokiona kwa macho: hawakuzikaza za mwisho gari likiwa linaning'inia. Walilishusha likakaa kwa uzito wake, ndipo spana ikamalizia. Ukikaza juu, mpira wa bushi unakaa umejipinda muda wote na unakufa mapema.

Namba za mwisho: kemba hasi 0.9 kushoto na hasi 1.0 kulia, kasta 5.2 na 5.3, nyuma tou sawa pande zote. Mjomba alipendekeza aache kushoto kasta iwe kubwa kidogo kuliko kulia, kwa kuwa barabara zetu zina mgongo katikati ili maji yashuke na sisi tunaendesha kushoto, gari lolote linaelea upande huo. Nilikataa. Nataka linipe habari za barabara ilivyo, si lizifiche. Akatingisha kichwa kama mtu aliyesikia mengi, akafanya nilivyotaka. Sasa Bunju likiachiwa linateleza kushoto taratibu, kiasi cha kukupa muda wa kufikiri, na kwenye lami tambarare linakwenda moja kwa moja. Kwenye kona ndipo raha ilipo. Usukani una uzito uleule pande zote mbili na unarudi wenyewe katikati. Nilikuwa nimesahau kwamba gari hili lilikuwa hivi.

Gharama: alaimenti ya matairi manne 50,000. Kuhangaika na bolti 60,000 juu yake, bolti ya mtumba 35,000. Risiti ya EFD nilipewa bila kuomba. Ni ghali kuliko ile ya kiyoyozi kama unahesabu siku moja, ila ile niliilipa na tairi la mbele likaendelea kuliwa.

Mabaya yapo. Hakuna pa kukaa, kuna benchi moja chini ya mwarobaini na saa saba kivuli kimeshaihama. Simu hawapokei. Karatasi ya vipimo ilitoka wino umefifia, ikabidi nipige picha skrini. Na Mjomba ni mmoja: asipokuwepo, vijana wake wanafanya tairodi za mbele kama kila mahali, kwa hiyo ulizia getini kwanza kama yupo, na kama hayupo geuza. Jumamosi kumejaa bajaji na Noah mpaka barabarani. Nenda katikati ya wiki, kabla ya saa mbili asubuhi, upepo wa matairi ukiwa umeshaupima mwenyewe, na kama gari lako ni la zamani kama langu usipange safari ya jioni hiyo, maana bolti zikigoma utarudi nyumbani kwa bodaboda.